Hasira za Mama Fizio

Alikuwa mwanamke wa hasira, na sitaanza kwa kusema kwamba ndani yake alikuwa mpole, maana nitakuwa nawadanganya. Hakuwa mpole. Hasira zake zilianzia ndani kabisa ndipo zikatokea usoni, na kila moja ilikuwa na sababu. Nilimjua kwa miaka mingi, kwanza kama mgonjwa wake, baadaye kama jirani, mwishoni kama mtu aliyenikasirisha kuliko watu wote niliowahi kuwapenda.

Alizaliwa wapi na ukoo gani, sijui. Sisi watu wa Arusha tukikutana lazima tuulizane: wewe ni wa Machame au wa Marangu, ni Mmeru wa Poli au wa Akeri? Yeye ukimuuliza alijibu, "Mimi ni wa chumba cha mwisho, kushoto." Hicho kilikuwa chumba chake cha kazi hospitalini, mwisho wa korido, baada ya stoo ya magongo. Wagonjwa walimwita Mama Fizio, na jina alilobatizwa nalo nililisikia mara moja tu, likitajwa kwa hasira na mkubwa wake wa kazi.

Kazi aliyoajiriwa kuifanya ilikuwa kunyoosha watu. Aliletewa vijana walioanguka kutoka juu ya miti, madereva wa malori waliovunjika mapaja, watoto ambao miguu yao ilikataa kusimama. Hao aliwashughulikia asubuhi katika ukumbi mkubwa, mbele ya kila mtu. Mchana aliingia kile chumba cha mwisho na kuwapokea wanawake, na hao hakuna aliyeuliza wanatibiwa nini. Walikaa kwenye benchi na kanga zao hadi kidevuni, wakiangalia sakafu. Wote walikuwa na jambo moja. Kizazi kilikuwa kimeshuka.

Mimi nilifika kwake baada ya kumzaa mwanangu wa tatu. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Mipaka imefunguliwa, mitumba inaingia kwa malori, na viwanda vinapunguza watu. Mume wangu, Baba Godi, alipunguzwa pamoja na wenzake. Alirudi nyumbani kwetu Levolosi akiwa na saa ya ukutani aliyopewa alipoagwa, akaitundika sebuleni, akakaa chini yake. Mimi nikaingia sokoni kuuza mitumba wakati mtoto hata shingo haijakaza. Nilinunua robota la nguo, nikajitwisha kichwani, na kwa kuwa wateja wa pembezoni walikuwa wengi, nikawa naenda nalo hadi Ngaramtoni siku za soko.

Siku moja nilikuwa nimechuchumaa napanga suruali kwenye turubai nikahisi kitu kimeshuka. Kama yai. Kilikuwa pale, katikati ya miguu, na kilikaa pale siku nzima. Nilipolala kikarudi, nilipoamka na kusimama kikashuka tena. Nilikaa nacho miezi bila kumwambia mtu. Kwenye zahanati niliyokwenda nilipewa dawa ya fangasi, kwa sababu nilisema nawashwa. Hatimaye nesi mmoja tuliyesali naye akaniona ninavyotembea, akanivuta pembeni, akanielekeza: mwisho wa korido, kushoto.

"Shikamoo," nilimwamkia.

"Marahaba. Unaumwa nini?"

"Tumbo."

"Tumbo la wapi?"

"La chini."

"Chini wapi?"

Nikavuta kanga hadi kidevuni. Aliweka kikombe chake cha chai mezani kwa kishindo.

"Mama, wanaume wakivunjika mguu wanaingia hapa wanasema mguu. Wewe una nini?"

Nikanong'ona kwamba kuna kitu kinatoka.

"Hicho kitu hakina jina?"

"Sijui."

"Kinaitwa kizazi. Kimekuletea watoto watatu, halafu unakiita kitu."

Nililia. Hakunibembeleza. Alinisubiri nimalize, huku akipasha mikono yake kwenye kile kikombe, maana mikono yake ilikuwa ya baridi mwaka mzima na hakutaka kumgusa mtu nayo. Halafu akanilaza, akanifunika shuka, akanieleza kila anachotaka kufanya kabla hajakifanya. Hakuna mtu aliyewahi kuniomba ruhusa ya mwili wangu namna ile, si kwenye leba, si nyumbani. Nakumbuka nilivyoshangaa, na baada ya mshangao nikapatwa na hasira. Ndiyo siku ya kwanza nilipoambukizwa.

Alinieleza kwamba chini ya nyonga kuna misuli imetandazwa kama kamba za kitanda. Juu yake vimelala kizazi, kibofu na utumbo. Ukizaa, ukabeba mizigo kabla ya kupona, ukajikamua chooni, ukakohoa kikohozi kisichotibiwa, kamba zinalegea, na vilivyolala juu yake vinashuka. "Hujalogwa," aliniambia. "Hujazini. Umelegea kamba. Tutazikaza."

Mazoezi yenyewe ukiyatazama huoni kitu, na hilo lilimuudhi sana, kwa sababu watu walidhani hafanyi kazi. Alikuambia ubane kama unayezuia haja ndogo na upepo kwa wakati mmoja, kisha uvute kwenda juu, ushikilie, uachie taratibu, upumzike, urudie. "Makalio yako yanahusikaje? Yaache. Tumbo liache. Na pumua, hatuzamii mtoni." Alikagua kwa kidole chenye glavu kama kweli unabana au unajidanganya, na wengi tulikuwa tunajidanganya. Tulikuwa tunasukuma chini tukidhani tunavuta juu. Hapo alipaza sauti mpaka benchi la nje likasikia: "Unakifukuza! Mimi nasema kiite, wewe unakifukuza!"

Alitaka tufanye kila siku, tumelala, tumekaa, tumesimama kwenye foleni ya maji. Na kabla ya kila zito, kubana kwanza. Ukitaka kukohoa, bana. Ukitaka kuinua mtoto, bana. "Hata ukiona jirani anakuja na umbea wa kuchekesha, bana kabla hajafika." Hicho ndicho kitu pekee cha kuchekesha alichowahi kusema, na alikisema bila kucheka.

Hakuahidi miujiza. Aliyekuwa katika hali kama yangu alimwambia avumilie miezi. Aliyekuwa mbaya zaidi aliwekewa kipete cha mpira cha kushikilia kizazi, akifundishwa kukitunza. Ambaye mazoezi hayawezi kumsaidia alimwambia hivyo hivyo, uso kwa uso, akampeleka kwa daktari wa upasuaji na kukaa naye kwenye foleni. Mimi changu kilipanda. Hakikurudi pale kilipokuwa kabla sijaolewa, na alishaniambia hakitarudi. Lakini nilisimama siku nzima kwenye turubai langu nikasahau kama kipo, na anayejua maana ya kusahau jambo hilo anajua.

Aliwachukia wanaume? Watu walisema hivyo. Nadhani aliwachukia wale waliokuwa wanakaa tu wakati wake zao wanabeba. Baada ya kunitibu kwa muda aliniambia hatanipokea tena mpaka nije na mume wangu. Baba Godi alikuja amevaa koti la harusini, maana aliambiwa anaitwa hospitali.

"Wewe ndiye baba?"

"Ndiyo mimi, mama."

"Robota la nguo nani anabeba?"

"Ile ni biashara yake."

"Sijauliza biashara ya nani. Nauliza nani anabeba."

Baba Godi akanitazama mimi, akatazama mlango. "Mama, mimi nilikuwa fundi mkuu wa zamu. Watu wananijua mji huu. Nitabebaje sidiria za wanawake sokoni?"

"Basi nisikilize. Wewe unaona aibu kubeba sidiria. Mke wako anatokwa na kizazi. Nyumbani kwenu kuna nafasi ya aibu moja tu. Chagua."

Alitoka bila kuaga. Njia nzima alitembea mbele yangu kama hatujuani, na tulipofika nyumbani akasema, "Mmempata wa kututukana," kisha akaninyamazia kwa wiki nzima na zaidi. Asubuhi moja nikakuta robota halipo. Alikuwa ameshalibeba begani hadi kituoni, amelifunika gunia la viazi ili watu wadhani ni viazi. Tangu siku hiyo alibeba yeye. Miaka yote alibeba nguo zangu kama viazi, na wenzake wa zamani wakimuuliza bei ya gunia alikuwa anawatajia.

Nilikimbia kumwambia Mama Fizio, nikitegemea atafurahi. Alisikiliza, akakoroga chai yake yenye sukari ya kutosha kijiko kusimama.

"Amewahi kukuuliza unaendeleaje?"

"Bado."

"Basi amebeba robota tu," alisema.

Nilimkasirikia kwa jibu lile. Nilijua alivyojitahidi yule mwanaume. Lakini nilipofika nyumbani nikamwangalia akila, nikagundua kwamba ni kweli, hajaniuliza. Na hakuniuliza kamwe, hadi anaingia kaburini.

Kitu kingine kilichomchoma ni wakwe waliokuwa wanawafunga wazazi matumbo. Mwanamke akijifungua, wanamkaza tumbo kwa kanga mpaka anashindwa kupumua, ili tumbo lirudi. Mama Fizio alikuwa anazifungua zile kanga mwenyewe, mbele ya mama mkwe, akizikunja na kumkabidhi. "Unabana juu, vinakwenda wapi? Chini!" Lakini huyo huyo aliweza kuwatetea wazee wa zamani mpaka mishipa ya shingo ikasimama. "Wachaga walikuwa na akili," alituambia sisi wa benchi. "Mzazi anakaa ndani miezi mitatu, anakula mtori, hashiki jembe wala ndoo. Hayo mmeyaita ushamba. Mmeletewa soko huria, mnazaa Jumatatu, mnabeba robota wiki inayofuata. Nani amefaidika? Nionyesheni aliyefaidika nimpime."

Hakuwa ameolewa na hakuwa na mtoto. Wanawake wenyewe aliokuwa anawatibu walimsema: hajazaa, anajua nini? Habari zikimfikia aliuliza kama daktari wa meno ni lazima aoze meno kwanza. Alitukataza kuona aibu, lakini ukimuuliza habari za mwili wake alikufukuza. Magoti yake yalikuwa mabovu. Alipanda ngazi akishika ukuta, na katika miaka yote sikumwona akifanya zoezi hata moja kwa ajili yake. Na aliogopa ng'ombe. Mtu anayefanya kazi Arusha, nusu ya wagonjwa wake wanatoka kwenye maboma, anaogopa ng'ombe kama mtoto wa ghorofani.

Hasira zake ziliwahi kumkosea mtu, na hilo silifichi. Alikuwepo dada mmoja wa Kimandolu, mwembamba, aliyekuwa anachelewa kila mara. Siku moja alifika benchi limekwisha, Mama Fizio anavaa koti. Alimfokea pale koridoni, mbele ya watu: kama hana muda na mwili wake, na yeye hana. Yule dada alikuwa anatembea kwa miguu kutoka Kimandolu kwa sababu hawezi kukaa kwenye gari linalorukaruka, maumivu yalikuwa yanamshinda. Hakurudi tena. Mama Fizio alipoambiwa sababu, alitufukuza wote, akajifungia. Baadaye alikwenda Kimandolu kumtafuta nyumba kwa nyumba, na magoti yale, akakuta wamehama. Hakuwahi kulizungumza. Lakini tangu hapo alibaki baada ya saa za kazi, amekaa tu, mlango wazi.

Sasa nisimulie ya koko, yaani bibi kwa Kimaa.

Kule Ngaramtoni nilikuwa na mteja, mke wa mtu, Mwarusha, mwenye maneno machache. Siku moja akinunua sweta za watoto aliniuliza kama namjua yule mama wa hospitali. Mama mkwe wake alikuwa anaumwa, hatoki nje, hali na wenzake kwa sababu ya harufu. Nilimwambia Mama Fizio, na siku ya soko iliyofuata akafuatana nami. Tulipanda na yule mteja, mkwe wa bibi, kwa miguu kuelekea upande wa mlima, shamba la mahindi kulia, mbigili kushoto, hadi tukaona boma. Mlangoni ng'ombe walikuwa wanatoka. Mama Fizio akasimama nyuma yangu, akanishika sweta kwa mikono miwili mpaka wakapita wote.

Koko alikuwa kwenye kibanda chake peke yake. Mama Fizio aliinama, akaingia. "Takwenya, koko," alisema, kwa Kimaa chake kibovu. "Iko," bibi aliitika kutoka gizani. Walikaa humo muda mrefu, mkwe akitafsiri. Mama Fizio aliyetoka si yule aliyeingia. Kizazi chote kilikuwa nje, na kilikuwa nje tangu yule mkwe hajaolewa. Kilikuwa kimesuguliwa na nguo mpaka kimefanya vidonda. Mwanamke yule alikuwa amechanja kuni na kukamua maziwa akiwa hivyo, na walipoona harufu imezidi wakamjengea kibanda.

Mtoto wake wa kiume, mwenye boma, mzee wa kanisa, alikuja kutusalimu kwa heshima. Mama Fizio hakujibu salamu.

"Mama yako anatakiwa hospitali leo."

"Mama yetu ni mzee," alisema yule bwana. "Huo ndio uzee wa wanawake. Na mambo hayo sisi hatuyazungumzi mbele ya wanaume."

"Ng'ombe wako akizaa, akatoa kizazi nje, unafanyaje?"

Alifikiri ni swali la kawaida, akajibu vizuri kabisa. "Namwita bwana mifugo."

"Lini?"

"Hapo hapo. Ukichelewa atakufa."

"Na mama yako ulimwitia nani?"

Mkwe aliangalia chini. Yule bwana alibadilika rangi, akanyoosha fimbo yake kuelekea njia. "Mama, hapa ni kwangu. Tokeni."

Tulitoka. Tulipofika kwenye mahindi alipiga teke jiwe mpaka kiatu kikapasuka mbele, akashuka hadi barabarani kidole gumba kiko nje. Nilifikiri juu ya nyumba zote tulizozipita, na vibanda vyote vya nyuma.

Siku ya soko iliyofuata, mkwe alimleta koko mwenyewe, kwenye pikapu iliyobeba kabeji, mumewe akiwa mnadani. Sijui nyumbani alisema nini na sijui alilipia vipi ujasiri ule. Mama Fizio alisema wazi kwamba hapa hakuna zoezi. Walitibu vidonda kwanza, ndipo daktari akafanya upasuaji. Miezi kadhaa baadaye nilikuwa kwenye turubai langu Ngaramtoni nikamwona koko anapita katikati ya watu, amejifunga lubega nyekundu, amekuja kununua ugoro wake mwenyewe. Alibishana na muuzaji juu ya kipimo kwa sauti kubwa. Nilimtazama mpaka akapotea kwenye watu.

Kwa hiyo msinieleze kwamba kile chumba kilikuwa hakina kazi.

Maana ndivyo walivyosema. Hospitali ilitakiwa ijitegemee, ikaamuliwa iwe na wodi ya watu wa kulipia, yenye vitanda vya springi na televisheni. Walitafuta pa kuiweka, wakaona korido ile inafaa, mwisho, kushoto. Mganga mkuu alimwita Mama Fizio akamwambia wanawake wake wahamie ukumbi mkubwa, pamoja na wenye plasta. Nilikuwa kwenye benchi siku ile, niliwasikia wote wawili.

"Nitawavulia nguo mbele ya madereva wa malori?"

"Tutakuwekea pazia."

"Pazia?"

"Pazia linatosha. Ni mazoezi tu."

Hapo ndipo mganga mkuu alipomtaja kwa jina lake la ubatizo, akimwambia asipaze sauti. Mama Fizio akaingia ndani, akatoka na bisibisi. Chumba kile alikikuta hakina mlango, na mlango alikuwa ameuweka yeye, kwa fundi aliyemtafuta yeye. Akaanza kufungua bawaba. Mganga mkuu alisema atamwita askari. Askari akaja, akatazama, kumbe mama yake mzazi alikuwa amewahi kukaa kwenye benchi lile. Akashika mlango upande wa pili ili usimwangukie.

Tuliupitisha kwa mkokoteni katikati ya mji, yeye anachechemea pembeni ameushika mlango usiteleze. Watu walituuliza tunahamia wapi. Nani angewajibu?

Akaacha kazi ya hospitali, akapanga chumba kwetu Levolosi, nyuma ya saluni, akaweka mlango wake. Miaka ile wanawake wengi waliwaaga waume zao kwamba wanakwenda kusuka, na wakarudi na nywele zile zile. Waume hawakuona tofauti. Alifanya kazi hivyo kwa muda, kitanda kimoja, maji ya ndoo, glavu alizokuwa anaomba kwa masista wa misheni. Aliandika barua wizarani, akaenda mkoani, akakaa kwenye viti vya kusubiria vya ofisi nyingi. Kila alikokwenda walimsifu. Akirudi alikuwa anatuigizia wale wakubwa, sauti zao laini: "Mama, unafanya kazi nzuri sana. Endelea hivyo hivyo." Kisha anakunywa chai yake akiwa amesimama.

Halafu siku moja nikakuta kufuli.

Nilidhani anaumwa. Mwenye saluni akasema, akiendelea kusuka, "Si ameenda Botswana? Kule wanawatafuta sana hao. Amepata hospitali kubwa."

Hakutuaga. Hata mimi hakuniaga, niliyekuwa nampelekea mtori akiwa na homa. Wanawake waliendelea kuja wakitokea Kimandolu, Ngaramtoni, Usa, wanakuta kufuli, wanaelekezwa kwangu. Nilikuwa nawaonyesha nilichokumbuka, lakini mimi ni muuza mitumba, sina glavu wala elimu, na nilijua wapo ninaowadanganya. Mmoja alilala chini mbele ya mlango ule akasema anamsubiri. Niliomba Mungu anisamehe kwa maneno niliyomwambia Mama Fizio siku ile moyoni. Kisha niliyarudia.

Miaka ikapita. Baba Godi alifariki, nikaacha turubai, nikafungua duka la vitenge Kimandolu. Godi akaoa. Mchana mmoja gari dogo likasimama dukani, akashuka mama mnene, viatu vizuri vya ngozi, anashikilia mlango wa gari magoti yasimwangushe. Nilimjua kwa magoti.

Sikumwamkia. Ni mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona mkubwa wangu nisitoe shikamoo.

"Nimekuja kwenye harusi ya mtoto wa dada yangu," alisema. "Nikaulizia unakokaa."

"Huko Botswana unatibu nani?"

"Wachezaji mpira. Na wazee wenye pesa."

"Wanawake?"

"Wana watu wao." Akatafuta kiti, akakaa bila kukaribishwa. "Sema. Umekusanya mengi, sema."

Nikasema. Nilimwambia juu ya yule aliyelala mlangoni. Nilimwambia kwamba wapo waliorudi kwa waganga, na mmoja aliwekewa majani yaliyomuunguza. Nilimwambia ametuinua akatuacha juu ya mti. Wateja wawili waliingia, wakanisikia, wakatoka. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Umemaliza?"

"Sijamaliza."

"Nami niseme. Nilipiga kelele hospitali, wizarani, kanisani. Wote walinisifu. Kuna aliyeniletea hata sanduku la glavu? Mlitaka nipige kelele peke yangu mpaka lini? Mpaka nife, mje mniimbie vizuri?" Sauti yake ilikuwa ile ile, vitambaa vilikuwa vinatikisika. "Nimelala usingizi kule. Nasema ukweli. Kwa mara ya kwanza nimelala usingizi, na nawachukia kwa hilo, na najichukia."

Mtoto mchanga akalia nyumba ya nyuma ya duka, na nikamwona anageuza kichwa.

"Nani amezaa?"

"Mke wa Godi. Wiki iliyopita."

"Anakohoa?"

Nilikuwa sijasikia. Alikuwa amesikia kupitia ukuta. Alisimama kwa kushika meza, akauliza maji ya kunawa yako wapi, akaenda. Nilibaki dukani, nikauza mita nne za kitenge bila kujua napima nini. Kutoka nyuma nilisikia sauti yake ikipanda, mkwe wangu akijibu kidogo kidogo, kisha akilia, kisha Mama Fizio anasema, "Hivyo! Hapo sasa!" Jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa barabara alipotoka.

"Ana mpasuko haujashonwa vizuri. Mpeleke kesho, usingoje. Mazoezi nimemwanzishia kidogo, ataendelea kidonda kikipona. Mwanao nimemkuta huko, nimemwambia ndoo abebe yeye."

"Unaondoka lini?"

"Jumapili."

"Mara ile hukuaga."

"Ningeaga ningebaki."

Nilimsindikiza hadi kwenye gari. Shemeji yake aliyemleta alishawasha injini. Nilimwambia, kwa sababu sikutaka aondoke akidhani mchana ule umefuta kitu, "Mimi sijakusamehe."

"Usinisamehe," alisema. "Siku nikisikia mmenisamehe nitajua mmezoea."

Aliingiza miguu yake garini mmoja mmoja, akiivuta kwa mikono. Sikumpungia, naye hakugeuka. Nilisimama pale hadi gari likaingia barabara ya Moshi, hasira zangu zote nikiwa nazo, hakuna hata moja iliyopungua. Kisha nikafunga duka mapema na kwenda kumtafutia mkwe wangu mtu wa kumshona upya.